Kibendera Kifuani

Asubuhi ya siku ya mechi, Mama Kipenga alichagua maharage kwenye meza ya jikoni. Aliyainamia, akayapitisha vidoleni, akayasogeza huku na kule, kisha akalisukuma sinia upande wa pili wa meza.

"Haya, tia sufuriani."

Mke wa mwanawe alilipokea kwa mikono miwili, akaenda nalo dirishani, akampa mgongo. Huko akaanza kuyachagua upya. Kila kijiwe alichokipata alikifumba kiganjani, asikiweke popote kikalia. Mama Kipenga akanywa chai yake, akautazama ule mgongo, akajifanya hajui kinachoendelea. Macho yake ndiyo yalikuwa na kasoro, masikio hayakuwa na lolote. Alikuwa anangoja kusikia maharage yakimwagika sufuriani, na hayakumwagika.

Mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo wa mwaka. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu, kidogo kidogo, kama kioo cha bafuni mtu akishaoga. Hakumwambia mtu. Lakini kila asubuhi alipokaa kwenye cherehani yake alikuta sindano tatu za mkono zimeshatungwa uzi, mweupe, mweusi na mwekundu, zimechomekwa kwenye kimto cha sindano zinamngoja. Hakuuliza nani katunga, na aliyetunga hakusema. Chai ikaanza kuletwa mezani imeshamiminwa. Ngazi ya mlangoni ikapakwa mstari mweupe ukingoni. Mwanawe, fundi wa friji, alipoingia siku hiyo akasimama akaushangaa.

"Huu mstari ni wa nini?"

"Urembo," mkewe akamjibu.

"Urembo wa ngazi?"

"Kwani ngazi haina haki ya kupendeza?"

Fundi wa friji akamtazama mama yake kama anayetaka shahidi. Mama yake akajishughulisha na pindo la gauni la mtu.

Siku za kazi Mama Kipenga alikuwa mshonaji. Jumamosi alikuwa refa. Miaka kumi na tisa alipuliza katika ligi ya mpira wa miguu ya wanawake, na jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika hata na majirani. Mkamwana wake, aliyekuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi, alipoolewa katika nyumba ile alikuwa hajui tofauti ya kona na mpira wa kurusha. Akawa anamsindikiza mama mkwe uwanjani, anambebea chupa ya maji. Mwaka wa kwanza akashangaa, wa pili akapenda, wa tatu akasema, "Mama, na mimi nifundishe."

Alifundishwa pale pale jikoni. Vifuniko vya chupa ndio walikuwa wachezaji, vyekundu upande mmoja na vya bluu upande wa pili. Punje ya haragwe ndiyo ilikuwa mpira. Kijiko cha chai ndicho kilikuwa mshika kibendera, kinapanda na kushuka ukingoni mwa meza. Wakati mwingine fundi wa friji alirudi kutoka kazini ana njaa, akakuta fainali inachezwa mahali pa sahani yake.

"Sikiliza, mwanangu," Mama Kipenga alikuwa akisema. "Ukiona kitu ambacho mimi sikukiona, na nimeshaamua, usipige kelele. Wala usije mbio katikati ya uwanja kama mtu aliyeungua. Simama ulipo, shika kibendera kwa mikono miwili, kilaze kifuani. Hapo unaniambia una jambo. Nikitaka, nitakuja kukuuliza. Nisipokuja, unakishusha, mchezo unaendelea. Hujaulizwa, husemi."

"Na nikiulizwa?"

"Unasema ulichokiona. Usiniambie unachodhani nataka kusikia."

"Utaniulizaje?"

"Nitakuuliza, 'Umeona nini?' Halafu nitafunga mdomo. Refa anayemwendea mwenzake na kumwambia 'Eti nimekosea?' huyo hakwenda kuuliza. Kaenda kubembelezwa."

Mkamwana akacheka, akakiweka kijiko mahali pake. Msimu ule akafaulu mtihani, akapewa kibendera chake mwenyewe, cha rangi ya machungwa. Akakipiga pasi mpaka kikang'aa.

Ajabu ni hii. Alipokuwa na macho mawili mazima, Mama Kipenga alikuwa akiwauliza washika vibendera bila haya. Mechi haikupita hajamwendea mmoja. Kocha akimwomba, "Refa, muulize mwenzako," anamwacha aseme mpaka amalize, anamuuliza, "Umemaliza?" na kama swali lina maana anakwenda kuuliza, kama halina anamwambia halina. Watu walimheshimu kwa hilo kuliko kwa mbio zake. Lakini jicho lilipoanza kuingia ukungu, akaacha. Kila akitaka kwenda kuuliza anaona kama anakwenda kulishitaki jicho lake mwenyewe. Kwa hiyo msimu huu wote alikuwa anaamua peke yake, haraka, kwa mkono ulionyooka sana.

Mwezi uliopita mkono huo ulinyooka vibaya. Alitoa kona kwa timu isiyostahili, kona ikazaa goli, na barua ya malalamiko ikapelekwa. Katibu wa ligi, mzee mpole mwenye mwavuli mweusi asiouacha hata siku ya jua, alimjia kwenye cherehani akakaa kwenye kigoda.

"Mama, mimi na wewe tumetoka mbali," akasema. "Lakini barua inasema refa haoni. Ikija nyingine ya namna hiyo nitakuondoa uwanjani nikuweke mezani, utunze saa na kuandika wanaobadilishwa. Usinilazimishe."

"Sitakulazimisha."

"Macho yako mazima?"

"Nakuona na mwavuli wako."

Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha mgeni. Alisikia yote. Kesho yake sindano zilizotungwa zilikuwa sita.

*

Mechi ilikuwa ya nusu fainali, wauguzi wa hospitali dhidi ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kocha wa kiwanda aliitwa Spika, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Kocha wa wauguzi alikuwa Sista, mkuu wa wodi, mwanamke wa sauti ndogo ambaye wachezaji wake walimwogopa kuliko Spika na kelele zake zote. Golini kwa wauguzi alisimama mkunga, mnene, mwepesi wa mikono. Kila mpira ulipomwendea, mashabiki waliimba, "Mkunga, pokea! Mkunga, pokea!" na yeye alipokea.

Katibu aliketi kwenye kivuli cha mwavuli wake, daftari magotini.

Kabla ya kuanza Mama Kipenga alisimama katikati na wasaidizi wake wawili. Fundi viatu mwenye ndevu alipewa upande wa barabara. Mkamwana alipewa upande wa mabenchi.

"Makubaliano ni yale yale," Mama Kipenga akasema.

"Ndiyo, mama."

"Uwanjani mimi si mama."

"Ndiyo, refa."

Kipindi cha kwanza kikaisha kwa sare, goli moja kwa moja. Cha pili kikaenda kwa jasho na vumbi, hakuna anayemfungua mwenzake. Jua likashuka upande wa kushoto, upande wa lile jicho, na Mama Kipenga akawa anakimbia ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayepita mvuani. Akatazama saa. Dakika nne zimebaki.

Hapo ndipo mshambuliaji wa kiwanda, msichana mrefu wa kitengo cha vifungo, alipoupata mpira nje kidogo ya boksi, akaupiga bila kuutuliza. Mpira ukagonga mwamba wa juu, paa! Ukashuka chini wima. Mkunga akaruka, akaukumbatia, akaanguka nao.

Uwanja mzima ukainuka. "Goli!" wakasema hawa. "Goli la nini!" wakasema wale.

Mama Kipenga alikuwa hatua thelathini nyuma. Aliuona mpira ukigonga mwamba. Aliuona ukishuka. Halafu mpira mweupe ukaingia kwenye chokaa nyeupe, na vyote viwili vikaingia kwenye ule ukungu. Alichokiona baada ya hapo ni mkunga akiwa chini.

Ilibidi aamue. Mikono yake ikaamua kabla yake. Akaipunga mbele, endelea, hakuna goli.

Mkunga akaupiga mpira mbali, ukamgonga mchezaji wa kiwanda, ukatoka nje mbele ya mabenchi. Spika alikuwa ameshafika ukingoni mwa mstari, miguu imegota chokaani kama mtu aliyesimama mwisho wa paa.

"Refa! Refa, umeingia ule! Umeingia wote!"

"Rudi kwenye eneo lako, kocha."

"Narudi! Nimerudi! Lakini mama yangu, sikiliza." Na Spika akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Akashusha sauti. "Sikutukani. Nakuomba. Msaidizi wako alikuwa kwenye kona, sawasawa na mstari. Alianza kukimbia kwenda kati. Hatua tatu, nimezihesabu. Halafu akakuona wewe umepunga, akasimama. Muulize. Akisema haukuingia, nafunga mdomo mpaka msimu ujao."

"Msimu mzima?" mmoja wa wachezaji wake wa akiba akauliza.

"Nyamaza wewe!"

Mshika kibendera anayeona goli hukimbia kurudi kati. Ndiyo alama yake, na kila mtu aliyezoea uwanja anaijua. Mama Kipenga akageuza kichwa. Mkamwana wake alikuwa amesimama karibu na kibendera cha kona. Kibendera chake hakikuwa kifuani. Kilikuwa kimening'inia chini, kimelala kando ya mguu, kama mwavuli wa mtu aliyefika kwake.

"Refa, nunua miwani!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na watu wakacheka. Katibu akafungua kalamu.

Muuguzi mmoja alikuwa ameshauokota mpira, anataka urushwe haraka. Ukirushwa tu ukarudi mchezoni, hakuna tena kurudi nyuma. Mama Kipenga akanyanyua mkono, akapuliza. "Ngoja." Akaanza kutembea kwenda kwenye kona.

Ilikuwa mara ya kwanza msimu ule. Hatua zilikuwa nyingi na kila moja ilikuwa nzito. Nikisema sikuona, alikuwa anajiambia, nimekwisha. Barua haihitajiki tena, nitakuwa nimeiandika mwenyewe mbele ya watu. Nitakaa mezani natunza saa kama mtu anayechunga chungu. Akafika. Akasimama karibu kiasi cha kunusa harufu ya pasi kwenye fulana ya binti. Na mdomo wake ukasema kilichokuwa moyoni.

"Eti nimekosea?"

Mkamwana akamtazama. Macho yake yakamwendea katibu na mwavuli wake, yakarudi.

"Hapana," akasema. "Umeona sawa kabisa, mama."

Mama Kipenga akatikisa kichwa kukubali. Akageuka. Kifua kikamshuka kama mtu aliyetua ndoo. Akapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Ya nne ikakwama.

Kabisa.

Mkamwana huyu hakuwa mwongo. Alikuwa na adabu tu, na alipokuwa anaitumia adabu badala ya ukweli, neno hilo lilimtoka lenyewe. Mwaka wa kwanza wa ndoa Mama Kipenga alimshonea gauni, mkono mmoja ukapita mwenzake kwa vidole viwili. Alipomuuliza, "Limekutosha?" alijibiwa, "Kabisa, mama," na binti akalivaa mwaka mzima, mkono mrefu ameukunja. Chai ikiwa imetiwa chumvi badala ya sukari, ni nzuri kabisa. Akiwa na homa ya kutetemeka, hajambo kabisa. Jambo likiwa kweli husema ndiyo, au hapana, basi, anaendelea na kazi.

Na mimi nimemuuliza nini? Mama Kipenga akajiuliza, amesimama katikati ya jua na uwanja mzima unamtazama. Nimemuuliza swali la kubembelezwa. Nimekwenda kwa mtoto wa watu na jibu mkononi, yeye kalipokea kwa mikono miwili, kama sinia la maharage.

Akageuka, akarudi kwenye kona.

"Anauliza tena!" watu wakashangaa. "Amesahau alichojibiwa!"

Safari hii alisimama pembeni kidogo, uso umeelekea goli, ili wasitazamane usoni.

"Nimekuuliza vibaya," akasema polepole. "Lile swali nalifuta. Hapa hakuna mkwe wala mama. Kuna refa ambaye hakuona, na msaidizi aliyekuwa kwenye mstari. Umeona nini?"

Akafunga mdomo.

Watu mia tatu walikuwa wanapiga kelele. Akasikia binti anapumua. Akasikia kibendera kinagongagonga kwenye goti.

"Ulidunda ndani," mkamwana akasema, sauti imekatika katikati. "Niliona ardhi kati ya mpira na chokaa. Upana wa kiganja. Mkunga aliuchukua ukiwa unarudi nje."

"Ulianza kukimbia?"

"Nilianza."

"Ukasimama kwa nini?"

Machozi yalikuwa yameshafika.

"Futa uso," Mama Kipenga akamwambia kwa sauti ya jikoni. "Mshika kibendera anayelia haoni kuotea. Bado dakika nne."

Akarudi mbio, si kwa kutembea, na alipofika usawa wa mabenchi akanyoosha mkono kuelekea duara la kati. Goli.

Upande wa kiwanda ukapasuka kwa furaha. Spika alimrukia mchezaji wake wa akiba, wote wawili wakaanguka juu ya ndoo ya maji. Upande wa pili, Sista alikuja mpaka kwenye mstari wake, mikono ameifunga nyuma kama yuko wodini.

"Refa, umesema hapana. Ukamuuliza, ukaondoka. Ukamuuliza tena, ikawa ndiyo. Na mimi ninaruhusiwa kuomba umuulize mara ya tatu?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka, na swali lake lilikuwa la haki. Mama Kipenga akamsogelea. Angeweza kumwambia uamuzi ni uamuzi, akamfukuza. Kila refa ana ruhusa hiyo. Akamwacha amalize.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mara ya kwanza nilimuuliza vibaya, kosa ni langu. Mimi sikuona. Mwenzangu ameona. Ni goli."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, lakini kelele zilikuwa zimeshuka kidogo wakati ule, kwa hiyo yalisikika. Sikuona. Yalifika mpaka kwenye mwavuli mweusi. Sista akamtazama kwa muda, jicho la kulia, jicho la kushoto, kama anavyowatazama wagonjwa asubuhi.

"Asante kwa kusema," akasema. Akarudi kukaa.

Mechi ikaisha mbili kwa moja.

*

Katibu aliwangoja nje ya chumba cha kubadilishia nguo, mwavuli ameukunja.

"Umesema mbele ya watu kwamba hukuona."

"Nimesema."

"Sista hana malalamiko. Amenambia nisipeleke barua. Spika ananiambia wewe ndiye refa bora tangu mpira uanze kuwa duara." Akakohoa. "Lakini mimi nimesikia kwa masikio yangu. Niandike nini?"

"Andika nilivyosema."

Mzee yule akaandika mstari mmoja. "Basi hutapuliza mpaka uniletee karatasi ya daktari wa macho. Mezani sitakuweka. Kiti chako cha uwanjani nakiacha wazi. Lakini karatasi, mama."

"Nitaleta."

Akavua kamba ya kipenga shingoni, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Haikumuuma kama alivyotazamia. Iliuma kama jino lililong'olewa, pale ambapo mtu anabaki anapapasa kwa ulimi.

Njiani kurudi nyumbani mkamwana alitembea nyuma yake kidogo, amebeba mifuko yote. Walipita duka la dobi, wakapita fundi wa baiskeli aliyewasalimia wakaitikia kwa pamoja. Mwishowe Mama Kipenga akasimama.

"Njoo hapa ubavuni. Mbona unatembea kama umeniibia?"

"Nimekunyang'anya kipenga, mama."

"Nani kakwambia? Mara ya kwanza uliponijibu ndipo ulipokuwa unanisaidia kukiiba. Na mimi nikakubali, tena kwa furaha. Hatua tatu nzima."

Binti akacheka na kulia kwa wakati mmoja. "Nilimwona katibu ameshika kalamu. Nikasema moyoni, lile ni goli moja tu. Mama ana miaka kumi na tisa."

"Na yule msichana wa vifungo? Ana goli moja maishani, lile lile."

"Nimekosa, mama."

"Tumekosa. Mimi nilianza." Akamnyang'anya mfuko mmoja, wakavutana kidogo, mama mkwe akashinda. "Sasa nikuambie jambo, usijibu. Kwa sindano, nashukuru. Kwa maharage, nashukuru. Kwa chai kuletwa imemiminwa, na ile ngazi..."

Mkamwana akasimama katikati ya njia. "Ulijua?"

"Ngazi gani duniani inapakwa urembo!"

Wakacheka mpaka mfuko ukaanguka. Vibendera viwili vikamwagika njiani, wakainama wote kuviokota, na vichwa vyao vikagongana.

"Yote hayo uliyafanya bila kuulizwa," Mama Kipenga akasema, anajisugua paji la uso, "na mimi nikayapokea bila kuuliza. Tumekaa mwaka mzima hivyo, kila mmoja anamsitiri mwenzake, jicho linazidi kuharibika. Nyumbani, ukiona nakosea, nilazie kitu kifuani. Hata mwiko."

"Ndiyo, mama," mkamwana akasema.

Hakuongeza neno.

*

Jumatatu walikwenda hospitali. Daktari wa macho alikuwa kijana mwenye miwani minene kuliko ya wagonjwa wake, jambo ambalo Mama Kipenga aliliona si dalili njema. Akammulika kwa kitochi, akasema ni mtoto wa jicho, anatolewa, si kazi kubwa.

"Nimezaa mmoja tu," Mama Kipenga akasema. "Huyu wa pili aje atolewe haraka, kabla hajaanza kula."

Daktari akacheka, akamkalisha kwenye kiti, akamwelekeza kwenye ubao wa herufi uliotundikwa ukutani. Kwanza jicho la kulia. Akazisoma zote, mstari baada ya mstari, kwa sauti ya mtu anayetaja majina ya wachezaji. Kisha daktari akampa kijiko cheusi cha plastiki alizibe la kulia.

"Sasa hili. Mstari wa nne. Unaona nini?"

Swali zuri, Mama Kipenga akawaza. Huyu kijana amefundishwa.

Lakini mstari wa nne haukuwapo. Palikuwa na ukuta, na juu ya ukuta palikuwa na kitu cheupe kama shuka lililoanikwa. Na ule moyo wa zamani, uliozoea kunyoosha mkono haraka, ukaamka. Si alikuwa ameshausoma mstari huo sasa hivi kwa jicho la kulia? Alikuwa anaukumbuka. Karatasi ya katibu ilikuwa pale pale mezani.

"M," akasema. "T." Akajikohoza. "H. K..."

Daktari akaanza kuandika.

Upande wa ubao, pale alipoambiwa asimame mtu aliyemsindikiza mgonjwa, palikuwa na umbo la mtu. Uso wake haukuonekana, nguo yake haikuonekana, alikuwa kivuli tu ndani ya ukungu. Lakini kivuli kile kilisogea. Kiliuchukua mkoba wa mama mkwe kiliokuwa kimeushika, kikaukamata kwa mikono miwili, kikaulaza kifuani. Kikatulia hivyo, kimenyooka, hakisemi neno.

Mama Kipenga akakitazama. Bega likaanza kumtikisika. Daktari akadhani analia, akaweka kalamu chini, lakini alikuwa anacheka, anacheka mpaka kijiko cheusi kikamponyoka.

"Futa, daktari," akasema. "Futa herufi zote. Mwenzangu ana jambo."